Nafasi ya Eufrazia

Mgeta,
20 Januari 2024

Mpwa wangu Jesca,

Marahaba kabisa, maana shikamoo yako najua iko njiani. Huku hatujambo. Kristina kifua kimemwachia tangu aache kulala na dirisha wazi, jambo ambalo mimi mumewe nilimshauri tangu Oktoba. Mbuzi wa maziwa amezaa mapacha, majike wote wawili. Njegere zina bei nzuri Morogoro mjini, ila ukizipeleka mwenyewe bei inashuka ukiwa bado njiani. Kaburi la mama yako, marehemu dada Bernadeta, tulilipalilia kabla ya Krismasi.

Kishikwambi mlichomtumia mdogo wako kimefika salama. Twalibu alikileta kwenye gari lake la kabichi, kimeviringishwa kwenye kanga. Nilimkabidhi Eufrazia mbele ya Kristina na balozi wa nyumba kumi, kwa sababu kitu cha ofisi hukabidhiwa kwa mashahidi. Alifurahi. Alikaa anakifuta vumbi ambalo halikuwapo.

Wewe unajua, kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na anayeulizwa juu yake ni mjomba. Eufrazia alipopata mimba akiwa kidato cha pili, mimi ndiye niliyeulizwa. Sasa ana miaka ishirini na miwili, na bintiye Glory ana sita, ameanza darasa la kwanza. Nimekuahidi kwamba mdogo wako atasoma, basi atasoma. Jioni nitakaa naye mwenyewe. Nimeshika chaki miaka thelathini na minne, na kustaafu hakukunifuta kichwani.

Jambo moja. Nimesoma karatasi ya masharti ya huo mradi wenu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: Soma popote, wakati wowote. Ukurasa wa nne umeandikwa kwamba asiyefungua somo kwa siku ishirini na moja, nafasi yake anapewa mwingine. Kumbe wakati wowote nao una tarehe. Nani aliyeandika hayo?

Barua hii Twalibu ataiacha Msamvu kwa kondakta wa basi la Dodoma. Simu ninayo, usinikumbushe. Maneno ya simu yakishasemwa huna pa kuyashika.

Mimi mjomba wako,
Mwalimu Agustino


Dodoma,
11 Februari 2024

Mjomba, shikamoo. Mama Kristina naye shikamoo, na pole ya kifua.

Sisi huku wazima. Mume wangu Kondo yuko likizo na anaitumia kulala. Maji yanatoka kwa zamu, joto halina zamu. Barua yako niliifuata stendi ya Nanenane siku moja tu baada ya kondakta kunipigia.

Masharti yale niliyaandika mimi. Tuna vishikwambi mia nne, na wanaosubiri ni karibu elfu mbili, wengi wao wasichana kama Eufrazia waliokatishwa masomo. Mtu akikiweka kabatini, kuna mwenzake anayekosa. Siku ishirini na moja niliona ni nyingi.

Nikueleze kinavyofanya kazi usiwe na shaka. Masomo yote yamo ndani, hahitaji mtandao kusoma. Akipanda kanisani Jumapili, pale mtandao unaposhika, kinatuma majibu yake kwetu na kupokea masomo mapya. Akijibu vizuri kinamsogeza mbele. Akikosea kinabaki naye, kinamweleza tena kwa njia nyingine, hata mara kumi. Darasani mwalimu anakwenda na wenye mbio, na wewe mwenyewe ulikuwa ukilalamikia jambo hilo. Hapa kila mtu ana mwendo wake.

Mwezi wa saba tutachagua watakaolipiwa mtihani wa maarifa wa mwakani, ule wa wanaosoma nje ya shule. Nataka sana awemo, ila sitaki akimbizwe. Kwa hiyo naomba kwa heshima, mjomba, usimkazie. Mwachie kishikwambi kazi yake.

Wako mtiifu,
Jesca


Mgeta,
17 Machi 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa siku tisa kwa sababu kondakta aliondoka nayo kwenda msibani Kilosa. Huku tuko salama ila mvua haijui kupumzika. Kabichi zinaozea shambani, na Twalibu hapandi kila siku kama zamani. Glory analala kwetu siku hizi na anapiga mateke kama punda. Barua yako ilikuwa nzuri, nimeipa kumi na saba kwa ishirini. Tatu nimezikata kwa sababu umeniomba kwa heshima jambo ambalo uliniagiza.

Masomo yanaendelea kila alfajiri. Ila nina malalamiko. Kuna swali la mkulima mwenye kabichi mia mbili na arobaini anayeuza robo Jumatatu, theluthi Jumatano. Mkulima gani huyo? Gari likija unauza zote, lisipokuja unalisha mbuzi. Yule anayesoma somo la historia kwa sauti anakimbia kama anaachwa na basi. Tena hicho kishikwambi chenu kinapongeza mno. Kila jibu, hongera Eufrazia, hongera Eufrazia. Mimi katika miaka yote ile nilipongeza wanafunzi wachache sana, na hadi leo wananikumbuka.

Haya yote ni kwa mujibu wa Eufrazia. Hajambo.

Mjomba wako,
Mwalimu Agustino


Dodoma,
28 Aprili 2024

Mjomba, shikamoo.

Pasaka tulisali vizuri, tukapika pilau, Kondo akaunguza. Poleni sana na mvua, tumesikia barabara ya kuja kwenu imekatika mahali pawili. Nilikuwa Morogoro wiki ya pili ya mwezi huu kwa kikao cha siku mbili, nikashindwa kupanda mlimani. Nisamehe. Basi lilisimama Dumila kama kawaida, abiria wakanunua vitunguu na nyanya dirishani. Mimi sikununua.

Kuhusu Eufrazia. Hapa ofisini naona yote yanayotumwa. Amejibu maswali mia sita na arobaini kwa wastani wa tisini na mbili. Anafungua somo alfajiri, muda uleule, na hajakosa siku tangu Machi kuanza. Kishikwambi kimeshamtoa kidato cha kwanza na cha pili, sasa yuko katikati ya cha tatu. Katika watu mia nne hatuna mwingine kama yeye. Bosi wangu, dada Nisha, binti wa mzee Deepak wa duka la madaftari pale Morogoro mjini, amemweka kwenye taarifa ya robo mwaka. Amenisifu mbele ya ofisi nzima.

Maswali ya kuchagua husahihishwa na mashine. Yale ya kueleza kwa maneno tunayasoma sisi, na ya Eufrazia nimeyasoma mwenyewe. Kwenye moja kuhusu ushirika ameanza hivi: "Kabla ya kujibu, swali lenyewe lirekebishwe." Nilicheka, kisha nikalisoma tena.

Glory analala kwenu kila siku? Mwambie mama yake aniandikie walau mistari miwili kwa mkono wake.

Wako,
Jesca


Mgeta,
9 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima. Nitakuwa mfupi, Twalibu anapiga honi hapo barabarani na ana haraka ya mtu mwenye karoti.

Eufrazia yupo, anakusalimu. Mistari yako miwili ataandika akipata nafasi, sasa ni msimu wa viazi. Glory amepata viatu vipya vyekundu, vikubwa kidogo, na anavivaa hadi jikoni.

Nina swali, nauliza kwa niaba ya mtu wa kijiji cha jirani. Mtu akisogezwa mbele na kishikwambi kupita uwezo wake, kuna mahali pa kubonyeza ili arudi nyuma? Mtu huyo amebonyeza kila mahali, pamoja na pale palipoandikwa usibonyeze.

Jibu mapema ukiweza.

Mwalimu Agustino


Dodoma,
30 Juni 2024

Mjomba, shikamoo, na mama Kristina shikamoo.

Hatujambo. Kondo anaumwa jino na anamsimulia kila anayepita.

Hakuna mahali pa kubonyeza. Tulipokitengeneza hatukufikiria kwamba kuna mtu atahitaji kurudi. Ofisi peke yake ndiyo inayoweza kufuta rekodi na kumwanzisha mtu upya, nayo inataka maelezo ya maandishi na sahihi ya dada Nisha. Aliyefutwa sasa hawezi kuwemo kwenye orodha ya mtihani ya Julai. Kijiji cha jirani hatuna mwanafunzi.

Kuna jambo jingine. Tarehe ishirini Julai dada Nisha anakuja huko na wageni watatu na mtu wa kamera. Wanataka kumwona Eufrazia shambani, kisha wamwone akisoma, na watamwomba ajibu swali moja au mawili mbele ya kamera.

Mjomba, wewe ndiye uliyenipeleka sekondari mama alipofariki. Ulinibebea sanduku kichwani hadi Nyandira kupanda gari, mwalimu mzima, watu wakakucheka. Sijawahi kukuuliza swali la kukubana. Leo nakuuliza: ni nani anayejibu?

Nijulishe kabla ya tarehe kumi.

Jesca


Mgeta,
6 Julai 2024

Mpwa wangu Jesca,

Hatujambo, mbuzi hawajambo. Salamu zimetosha.

Ni mimi.

Barua yako ya Februari ilinikuta nimeshakaa na mdogo wako kila jioni, naye ameshaondoka. Nilipoisoma pale unaposema nisimkazie, niliona unazungumza na mjomba mwingine. Jioni zile alipokosea nilimkamata kabla hajamaliza. Nilimwambia mtoto wa darasa la tano anaweza hili. Jioni moja alikiweka kishikwambi mezani taratibu, akasema: "Mjomba, hiki nikikosea kinaningoja. Wewe huningoji." Mimi nikacheka. Wiki iliyofuata aliondoka na gari la Twalibu kwenda Dumila, kwa rafiki yake anayeuza vitunguu pale njia panda. Glory alimwachia Kristina. Mimi hakuniaga, wala sikumfuata. Kwako sikusema, maana nilikuwa nimeahidi.

Siku zikaanza kuhesabika. Ya kumi na tisa nilikitazama kile kitu kabatini nikakumbuka ukurasa wa nne. Sasa nisikilize. Hapa kwetu ardhi ni ya lukolo, ya ukoo mzima. Mtu akisafiri akaacha shamba likawa pori, mkubwa wa ukoo anamgawia mwingine. Kwa hiyo ndugu zake wanaingia wanalima kidogo, wanapanda hata maharage mistari miwili, ili watu waone pana mwenyewe. Hakuna anayeita huo wizi. Tunasema tunamshikia. Nami nikasema nitamshikia Eufrazia nafasi yake. Nikafungua somo moja, nikajibu maswali kumi, nikapata kumi. Kikaniambia hongera Eufrazia.

Kesho yake nikafungua jingine.

Niseme yote. Nilipenda. Tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza swali linalotaka jibu. Kristina huuliza kama nimefunga mbuzi. Aljebra nilikuwa nimeisahau, ikarudi kipande kwa kipande, nikawa naamka kabla ya jogoo kwa hamu. Ningeweza kujibu vibaya makusudi ili abaki pale pale alipoachia. Ndivyo mtu mwenye akili angefanya. Niliwahi kujaribu mara moja, Jesca, kwenye swali la sehemu. Mkono ulikataa. Nikafuta, nikaandika jibu sahihi.

Alirudi tarehe ishirini na nne Mei, na viatu vya Glory mkononi. Alisema amerudi kusoma, alisema akiwa bado mlangoni, kabla hajatua mkoba. Akakifungua. Kikamkaribisha kwa jina lake kikampa hesabu za x zenye mabano mawili mawili. Akajaribu siku nne. Ya tano akaniambia: "Mjomba, mimi nilidhani nimechelewa tu. Kumbe ni mjinga hasa. Hata mwanzo wake siuoni." Nilikuwa nimesimama pale pale, ninajua kila kitu, na nikanyamaza. Katika yote niliyoyafanya hilo ndilo linaloniuma. Hadi leo hajui.

Wanafunzi wanaoibia nimewachapa, na wewe umewaona. Sasa utajua mwenyewe cha kufanya. Ila hao wa kamera usiwaache waje.

Mjomba wako,
Agustino


Dodoma,
21 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilinifikia tarehe kumi yenyewe. Tuko wazima. Jino la Kondo limeng'olewa.

Umesema yote, nami nitasema yangu. Nilijua tangu Aprili. Majibu yale yangeweza kuandikwa na mtu mmoja tu ninayemfahamu. Na Dumila nilimwona Eufrazia. Alikuwa madirisha mawili mbele yangu, beseni la vitunguu kichwani, amevaa sweta la bluu nililomtumia mimi. Siku hiyohiyo asubuhi nilikuwa nimefungua ripoti inayosema yuko Mgeta anasoma. Niliinama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba mpaka basi lilipoondoka. Niliona aibu, mjomba, na bado ninayo. Si aibu ya vitunguu. Jina lake lilikuwa tayari kwenye taarifa, nami nilikuwa nimeshasifiwa, na sikutaka kuteremka kwenye basi nikaambiwa ukweli. Kama ningesema wakati ule, rekodi ingefutwa mapema, na angerudi akakuta mahali pake. Wewe ulimshikia nafasi vibaya. Mimi niliiona inaharibika nikaitumia.

Tarehe kumi na mbili nilimweleza dada Nisha. Hakupiga kelele. Aliuliza kama wewe ni yule Mwalimu Agustino aliyekuwa akinunua chaki kwa baba yake, kisha anarudi kudai nyingine badala ya zilizovunjika. Nikasema ndiye. Akasema basi anaamini. Wageni wamepelekwa mkoa mwingine. Mimi nimetolewa kwenye taarifa, niko stoo nahesabu chaja.

Jina la Eufrazia limeondolewa kwenye orodha, kwa hiyo mtihani wa mwakani hatafanya. Itabidi angoje mwaka mwingine mzima. Nafasi yenyewe haikuchukuliwa. Niliomba kitu kimoja kabla sijatolewa: tutazame ni wangapi walipoteza nafasi kwa zile siku zangu ishirini na moja. Ni mia moja na kumi na wawili. Wengine walikwenda kuvuna, wengine kujifungua, wengine kuuguza. Themanini kati yao walikuja wakakifungua tena baadaye, wakakuta kimefungwa. Tulikuwa tunawaita walioacha. Dada Nisha aliisoma hiyo karatasi, akasema huyu Eufrazia mmoja abaki wakati tunafikiri. Kikao cha kubadili sharti kimeitishwa, kimeahirishwa, kimeitishwa tena.

Rekodi imefutwa. Jumapili atakapokipeleka kanisani, kitarudi mwanzo kabisa. Mwambie kabla hakijarudi, asije akadhani amekiharibu. Mwambie wewe.

Jesca


Mgeta,
18 Agosti 2024

Mpwa wangu Jesca,

Marahaba. Kristina mzima, mbuzi mmoja ameuzwa, viazi vimetoka vizuri kuliko mwaka jana. Glory anaandika jina lake lote sasa, ingawa herufi za mwisho zinapanda mlima.

Nimemwambia. Ilikuwa jikoni, Kristina akiwapo. Nilisimama, kwa sababu nilishindwa kukaa. Mjomba kumwomba radhi mpwa wake si jambo la kawaida, niliwauliza wazee wawili wa ukoo jinsi linavyofanywa na hawakukumbuka. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa anamenya viazi. Barua yako nayo nilimsomea, yote, pamoja na Dumila.

Akauliza: "Zile tisini na mbili ni za nani?"

Nikasema zangu.

"Basi mtihani kaufanye wewe."

Baadaye, akiwa ananipa mgongo, alisema: "Na dada nilimwona alivyoinama." Nakuandikia kama alivyosema, sikuongeza neno.

Hakuzungumza nami siku kumi na moja. Chakula alinipa, na shikamoo alinipa kila asubuhi, maana hiyo haikatwi. Mengine yote alimwambia Kristina niambiwe. Kishikwambi kilikaa juu ya kabati. Nilizihesabu siku zile, Jesca, na safari hii sikukigusa. Nilisema moyoni kikipotea kipotee, kitakuwa kimepotezwa na mwenyewe.

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria alikwenda nacho misa ya pili. Watu walirudi, yeye akabaki uwanjani pa kanisa hadi mchana. Alipofika nyumbani alikiingiza chumbani kwake. Nikainuka. Akasema: "Mjomba, kaa nje." Nikakaa nje.

Kutoka nje nasikia ile sauti ya somo ikieleza sehemu, inarudia, inarudia, kisha inanyamaza. Sijui anapata ngapi. Jana kulikuwa na swali ambalo jibu lake lilinifika mdomoni. Niliondoka nikaenda kukata majani ya mbuzi, nikakata mengi kuliko wanayoweza kula.

Hajasema kama anakuandikia. Sikumuuliza.

Mjomba wako,
Agustino


Dodoma,
15 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo. Mama Kristina shikamoo. Glory nambusu.

Tumekwisha kuzoea joto. Kondo alipanda treni mpya ya umeme kwenda Dar es Salaam na kurudi bila shughuli yoyote, ili aseme amepanda. Desemba nitakuja. Nitaanzia kwa Eufrazia kabla sijamsalimu mtu mwingine, na kama atanifungia mlango nitakaa hapo nje nawe.

Sharti la siku ishirini na moja bado halijafutwa. Dada Nisha amekubali kwamba mtu akiaga anaweza kusimama hadi miezi sita bila kupoteza mahali pake. Asiyeaga bado tunabishana. Mimi nimerudishwa kusoma majibu kwa muda, mwenzetu yuko likizo ya uzazi.

Wiki hii yaliingia ya Eufrazia. Nilitoka nje kwanza, nikanywa maji, nikarudi. Dakika kumi na moja mchana, nne jioni. Siku tatu hakuna kitu. Kisha saa nzima na nusu. Wastani wake ni arobaini na moja. Majina ya siku hayafuatani, muda haufuatani, hakuna mchoro ofisini unaoweza kupendeza kwa takwimu hizo.

Somo la sita ni la kujumlisha sehemu. Kati ya maswali kumi ya kuchagua alipata sita, na sita kwa mashine zinatosha kumsogeza. Mwishoni pana nafasi ya kueleza kwa maneno yako ulivyopata majibu. Wengi huiruka, au huandika nimekokotoa. Yeye ameandika hivi:

"Sita nimepata lakini nne kati ya hizo nilibahatisha. Bado sijaelewa. Msinipitishe."

Hatuna kitufe cha hilo, mjomba. Tumekaa miaka mitatu tukitengeneza kitu kinachomfuata mwanafunzi kokote, na hakuna aliyefikiria kwamba mwanafunzi anaweza kukataa kwenda mbele. Njia pekee ya kumbakiza pale alipo ni msomaji kumpa sifuri kwenye maelezo, ambayo yanashusha jumla. Ni maelezo ya kweli kuliko yote niliyowahi kusoma hapa. Nimempa sifuri. Nililia kidogo, kisha nikafungua ya mtu mwingine.

Mpwa wako,
Jesca